MASWALI YA MADEREVA: Jumla iko sawa, mbona mizani inakataa?

*Mhariri, gari langu ni la ekseli sita (mihimili ya magurudumu), kichwa na trela. Nilipakia Nakuru magunia 560 ya mahindi, ya kilo 50 kila moja. Mizani ya Gilgil ilisoma ekseli ya usukani tani 6.9, ekseli za kuvuta 19.6, za trela 19.0. Jumla ni 45.5 na ninaruhusiwa 50. Nilizuiwa. Kosa liko wapi? – Dereva, Nakuru*

Ndugu dereva, hiyo 50 ni vikomo vitatu vilivyojumlishwa, na kila kimoja kinasomwa peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 8 kwenye usukani, 18 kwenye kundi la ekseli mbili zenye tairi nane, na 24 kwenye kundi la ekseli tatu zenye tairi kumi na mbili. Za kuvuta zimezidi kwa tani 1.6, huku trela ikiwa na nafasi ya tani 5. Msamaha wa asilimia 5 ni wa ekseli, nao unaishia 18.9. Hauongezi hata kilo moja kwenye uzito wa jumla, kwa hiyo usiupangie mzigo.

Chanzo ni upakiaji. Wabebaji huanza ukuta wa mbele, wanapanga juu mpaka wafike kimo, kisha wanarudi nyuma. Mahindi yanaisha kabla ya sakafu. Fungua mlango wa nyuma: ukiona sakafu tupu ya mita moja na nusu, jibu lako ndilo hilo. Uzito umeegemea kingipini, yaani pini inayounganisha trela na kichwa, na kingipini inakaa juu ya ekseli za kuvuta.

Hesabu yake ni hii. Pima kwa futi kamba kutoka kingipini hadi ekseli ya katikati ya trela. Tuseme ni mita 8. Chukua kilo unazohamisha, zidisha kwa mita unazozirudisha nyuma, gawanya kwa 8. Magunia 45 ni kilo 2,250. Ukiyatoa mbele na kuyarudisha mita 6.5, unapata kama kilo 1,830 zilizoondoka kwenye kingipini. Takriban sehemu moja ya kumi ya hizo hutoka kwenye usukani, kwa sababu kingipini huwa mbele kidogo ya katikati ya ekseli za kuvuta. Za kuvuta zinapungua takriban 1,650 na kubaki karibu 17.95. Trela inapanda hadi karibu 20.8, bado chini ya 24.

Yafanye haya Nakuru, si kando ya barabara Gilgil na turnboi mmoja. Na pimeni tangi zikiwa zimejaa: lita 600 za dizeli ni karibu kilo 500, nazo huangukia kichwa, si trela. Dereva anayepima asubuhi tangi tupu kisha anajaza mafuta njiani anajitegea mtego.

*Nabeba mchanga kwa tipa ya tairi kumi, Kisumu. Kiwango nabeba kilekile kila siku, lakini mvua ikinyesha napatikana na ovalodi. Na hizo kilo chache zinaumiza nini? – Dereva wa tipa, Kisumu*

Kiwango chako ni cha ujazo, mizani inasoma uzito. Tipa ya ekseli tatu inaruhusiwa tani 26 kwa jumla: 8 mbele, 18 nyuma. Ikiwa gari lako tupu lina tani 11.5, unabaki na 14.5 za mzigo. Mchanga mkavu una takriban tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo. Uliolowa maji kabisa hufika 1.9. Mita 9 za mkavu ni tani 14.4, upo salama. Mita 9 hizohizo zikilowa ni 17.1, umezidi kwa zaidi ya tani mbili na nusu bila kuongeza koleo moja.

Chora mistari miwili ndani ya bodi kwa rangi. Bodi ya mita 5 kwa 2.3 ikisawazishwa, mchanga mkavu unafika sentimita 78, uliolowa sentimita 66. Sawazisha kweli, kwani rundo likiwa nyuma usukani unakuwa mwepesi na kundi la nyuma linabeba lisilo lake.

Kuhusu madhara: majaribio makubwa ya barabara ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukizidisha ekseli kwa asilimia 10, uharibifu unaongezeka kwa asilimia 46 hivi. Ndiyo maana lami inapata mabonde na matuta pale malori yanapopita polepole mlimani, na barabara hiyo ndiyo wewe unayorudi nayo kesho.

*Trela yangu ya ekseli tatu nimeitoa tairi mbilimbili nikaweka supa singo, tairi moja pana badala ya mbili. Kiwango kinabadilika? – Webuye*

Kinabadilika, na wengi hugundua wakiwa wamekwisha pakia. Kundi la ekseli tatu zenye supa singo linashuka hadi tani 22.5 badala ya 24. La ekseli mbili 16 badala ya 18. Punguza tani 1.5 kwenye mpango wako wa kila safari. Na ekseli ya kuinua, ukiwa na mzigo, iteremshe.

*Lori la ekseli tatu likivuta trela ya ekseli nne, urefu na uzito ni ngapi? – Busia*

Kwa ekseli, 8 na 18 na 18 na 18 ni 62, lakini kikomo cha jumla ni 56, kwa hiyo kikomo cha chini ndicho kinachotawala. Urefu ni mita 22, kipimo kutoka bampa ya mbele hadi ncha ya mwisho, mkono wa kuvutia ukiwemo. Kichwa na trela ya kuegemea ni mita 17.4. Mzigo usioweza kugawanywa unaopita hapo huhitaji kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, na kibali huombwa kabla ya kupakia.