Usianze na ile tamu, nakuomba

Mkuu hapana. HAPANA. Najua umeuliza mnunue chupa ngapi za mvinyo wa mapovu wa Kiingereza za kuonja na wageni, glasi gani na mle nini, ila mimi nimekwama hapo ulipoandika mtaanza na demi-sec, ile tamu, "kuwalainisha wageni". Nani kakwambia? Maana mimi nilidanganywa hivyohivyo na kijana wa duka moja hapa Brighton, kavaa aproni, anaongea taratibu kama padri, nikaamini.

Chupa sita, pauni 220 zikaenda. Watu saba sebuleni. Tukafungua tamu kwanza, wote wakaipenda, shemeji akaongeza, nikajiona bonge la mtaalamu. Ikaja Ridgeview brut, yaani ile kavu. Kimya. Shemeji kakunja uso kama kamung'unya ukwaju, ananiuliza hii haijaharibika? Haijaharibika bana! Demi-sec ina sukari gramu 32 mpaka 50 kwa lita, brut haizidi kama 12 hivi, na zabibu za Sussex na Kent, huku kusini mwa Uingereza, zinaivia kwenye baridi kwa hiyo uchachu wanazaliwa nao. Si unajua ukishakula halua halafu ukanywa chai, hata iwe na vijiko vitatu unaiona haina kitu? Ndo hivyo, ulimi ukishalewa sukari kila kinachofuata ni ndimu.

Ikafuata Nyetimber, ikapewa alama mbili kwa kumi. Gusbourne blanc de blancs, zabibu nyeupe za chardonnay tupu, kitu kimetengenezwa kwa njia ileile ya shampeni, mapovu yamezaliwa ndani ya chupa, kimelala na hamira yake miaka, mtu kaichanganya na Sprite. Mbele yangu. Nikacheka nao, ningefanyaje, nilie mbele ya shemeji?

Asubuhi nikaonja mabaki ya hiyo Gusbourne, ile chupa haikuguswa na Sprite, mapovu nusu yameshakata, nikapata tofaa bichi na harufu ya mkate unaotoka kwenye oveni. Mkate! Nimesimama jikoni na kanga kiunoni namlaani yule kijana wa aproni, yeye ndo kapata hela na mimi nimepata sinki lililojaa glasi.

Kavu kwanza, tamu mwisho. Brut zote mziweke bega kwa bega mzilinganishe zenyewe kwa zenyewe, demi-sec isubiri keki. Na usiniambie "ila wageni wangu hawajazoea kavu", hata wangu walikuwa hawajazoea ndo maana nakwambia.

Ulitaka nini kingine, glasi? Zozote tu, mradi hazina mabaki ya sabuni, yanaua mapovu. Hiyo demi-sec ushainunua? Kama iko friji kaifiche nyuma ya maziwa sasa hivi.