Nyigu wa dakani na pweza wa ami

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mnyama akifanya kazi ya ustadi mkubwa, je, hiyo ni dalili kwamba ana fahamu? Mimi nasema ustadi peke yake haushuhudii kitu.

Dakani kwetu, hapa Langoni, Lamu, nyigu alijenga kijumba cha udongo. Analeta donge la tope, analikandika kama fundi wa lipu, kisha anajaza buibui aliowachoma mwiba wakapooza. Ndio riziki ya mwanawe. Nikachukua sindano ya kushonea kofia nikamtoa buibui aliyebandikwa yai. Akaleta mwingine, nikamtoa. Akaleta tena, nikatoa tena. Mwisho akaziba mlango kwa tope, akalainisha vizuri kabisa. Nyumba tupu! Baadaye nikasoma kwamba Mfaransa Jean-Henri Fabre alishafanya mchezo huohuo katika karne ya 19, na nyigu wake naye akaziba.

Sisemi nyigu hana kitu ndani. Nasema ujenzi ule hauwezi kuniambia. Hata mimi hufunga mlango kwa komeo na kufuli, nikafika Mkunguni nisikumbuke kama nimefunga.

Kilichonitikisa ni pweza. Mwaka 2021 Robyn Crook, mtafiti wa San Francisco, alichapisha jaribio lake: pweza alidungwa mkononi asidi, ile inayotia siki ukali, kisha akawekwa katika chumba alichokuwa akikipenda. Baada ya hapo akakikwepa. Waliotiwa ganzi walipokuwa na maumivu wakakipendelea chumba walichopatia nafuu. Na pale palipodungwa walipanyofoa ngozi kwa mdomo. Waliodungwa maji ya chumvi tu hawakufanya hayo. Hapo hakuna ufundi wowote wa kustaajabisha, si nyumba wala mtego. Kuna kiumbe anayetafuta nafuu, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko kijumba cha nyigu, ingawa bado si hakika.

Nilimsimulia ami yangu, ambaye kila maji ya bamvua yakitoka huwa mwambani na chuma chake cha kuchomea pweza. Hakushangaa. Alisema pweza akikoswa, mkono uliojeruhiwa huukunja chini ya mwili, mingine ndiyo inayomkinga. Kisha akaniuliza, "Sasa hao wenzako, mpaka watie siki ndipo wajue anaumwa?"