Je, Tuanzishe Jarida la Barua Pepe au Tubaki Facebook?

SWALI: Mhariri, nawashukuru kwa safu hii. Mimi na mwenzangu tunaendesha tovuti ya habari za uvuvi na bei za samaki katika fuo za Kisumu na Siaya. Ukurasa wetu wa Facebook una wafuasi wengi, lakini siku hizi tukiweka habari, wanaoingia kwenye tovuti ni wachache mno. Rafiki yetu anatushauri tuanzishe jarida la barua pepe, ilhali wengine wanadai kuwa Wakenya hawasomi barua pepe. Tufuate lipi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Anzisheni jarida, ndugu msomaji, wala msiufunge ukurasa wenu. Huenda habari zenu hazina kasoro yoyote. Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya jamaa na marafiki mbele ya yale ya kurasa za biashara na vyombo vya habari, hivyo mtu anaweza kuwafuata na bado asikutane na habari yenu hata moja kwa wiki nzima. Isitoshe, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita, na mwenye tovuti aliyewategemea wasomaji wa huko pekee hakuwa na pa kuwapatia. Orodha ya anwani za barua pepe ni mali yenu, na mkibadilisha kampuni inayowatumia wasomaji barua zenu, mnahama nayo.

Hata hivyo, wanaowapinga wana hoja. Mama anayenunua omena alfajiri pale Dunga anataka bei tu, na WhatsApp inamtosha. Msimsumbue kwa fomu. Lakini mwenye hoteli, mnunuzi wa jumla aliyeko Nakuru na afisa wa uvuvi wa kaunti hufungua barua pepe kwa sababu ya kazi zao. Hao ndio wa kuandikiwa.

Waandikieni siku ile ile kila wiki, na kichwa cha barua kibebe habari yenyewe. “Jarida Letu, Toleo la Tatu” hakimwambii mtu lolote, ilhali “Omena yapanda bei Dunga, yashuka Usenge” kitamfanya mfanyabiashara aifungue kabla hajamaliza chai. Msijivunie sana idadi ya barua zilizofunguliwa, kwani barua huhesabiwa kuwa imefunguliwa pale picha iliyomo inapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha hizo kabla ya mwenyewe kusoma, na hesabu ikapotoka. Tazameni waliobofya kuingia kwenye tovuti na, zaidi ya hao, waliojibu.

Jambo moja nawasihi mlizingatie: msichukue anwani kutoka daftari la mahudhurio ya semina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wenye anwani hizo, na anayeletewa barua asiyoiomba huitupa miongoni mwa barua taka, jambo linaloweza kufanya hata barua za walioridhia ziishie kwenye taka. Wekeni fomu fupi chini ya kila habari ya bei, iombe anwani pekee, na kila barua iwe na kiungo cha kujiondoa kinachoonekana wazi.