Samaki mwenye taa kichwani, kuna aliyemwona hai?

SWALI: Shkamoo mhariri, mi niko Area C Dodoma, samaki nawajua wa Mtera tu, perege na kambale. Hivi yule wa baharini mwenye taa kichwani kuna mtu kamwona akiwa hai kulekule chini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ndio, ila kwa shida, maana kule ni giza totoro na maji yanagandamiza vibaya mno, mpiga mbizi hafiki, wanashusha roboti yenye kamera. Novemba 2014 watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, walimrekodi jike kwenye korongo la chini ya bahari la Monterey, California, mita kama 580 chini, na ana sentimita 9 tu, kiganjani anaenea! Mwaka 2016 karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, bahari ya Atlantiki, mita 800, akarekodiwa mwingine wa jamii hiyo, kadume kadogo kamemgandia tumboni, aisee hiyo video nimeirudia mara nyingi.