Garimoshi jipya linachechemea: maswali yenu ya wiki hii

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: garimoshi dogo la mvuke limetoka kwenye boksi jana, leo halitaki kwenda. (Ndiyo, tunaliita la mvuke na linakula stima. Tumezoea.) Weka bisibisi chini kwanza.

Fundi, injini yangu ya kipimo cha OO (ndogo mara 76 kuliko ya kweli) inakimbia vizuri, lakini ikifika pale reli zinapogawanyika inazima. Nikiigusa kwa kidole inaamka. Mota imekufa? – Buruburu

Mota iliyokufa haiamshwi kwa kidole. Yako ina njaa. Umeme hupanda kutoka reli moja, ukapita kwenye gurudumu, ukachukuliwa na kiwaya chembamba cha shaba kinachogusa nyuma ya gurudumu, ukafika kwenye mota na kurudi kwa reli ya pili. Kwenye njiapanda ya reli mara nyingi pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Injini fupi ikipita hapo huenda imebaki na gurudumu moja tu la kushika stima, na hilo moja likiwa chafu, imesimama.

Usiku zima taa za sebuleni, uiendeshe polepole. Cheche za buluu chini ya magurudumu ndizo mwizi wako. Chukua tishu, ilowanishe kidogo kwa spiriti ya isopropili, itandaze juu ya reli zote mbili. Weka magurudumu ya mbele ya injini juu ya tishu na ya nyuma juu ya reli kavu, ishike, kisha fungua umeme. Yatajipangusa yenyewe na kukuachia mistari miwili myeusi kama masizi ya sufuria. Geuza, rudia kwa magurudumu ya nyuma. Usishangae kwamba kitu kipya ni kichafu. Hayo ni mafuta ya kiwandani yaliyokutana na vumbi letu. Reli nazo zipanguse kwa spiriti hiyo hiyo, kamwe si kwa msasa, maana kila mkwaruzo ni kitanda cha uchafu.

Bado? Ilaze chali juu ya taulo, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona mwanga kati ya kiwaya na gurudumu, kisogeze kwa kijiti cha meno, kidogo tu. Ukikikaza sana kitageuka breki. Mimi niliwahi kufungua injini nzima, nikapoteza springi chini ya kochi, kumbe shida ilikuwa unywele wa paka uliojiviringisha kwenye ekseli.

Yangu reli ni safi, ila kila gurudumu likimaliza mzunguko inasita. – Kayole

Hapo si stima, ni mifupa. Tazama ile mikono ya chuma inayounganisha magurudumu: upande wa kulia na wa kushoto hupishana kwa robo mzunguko, nyuzi 90. Gurudumu moja likiwa limefungwa kombo kwenye ekseli, mikono inavutana. Mafuta hayatibu hilo. Irudishe dukani na risiti yako, na usiifungue, kwani ukiifungua muuzaji atapata kisingizio.

Dada yangu alimtumia mwanangu seti kutoka Marekani. Kisanduku cha umeme kinanguruma na kunuka. – Mama, South B

Mama, kichomoe sasa hivi. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 240. Ile adapta ya pini hubadilisha umbo la plagi tu. Soma maandishi chini ya kisanduku: kama ni 100–240, kingefaa hapa, ila kwa kuwa kinanuka kina ubovu mwingine. Kama ni 120 peke yake, huenda kimeshaungua. Tafuta kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, mjini, kidhibiti kinachotumia 240 na kupeleka kwenye reli volti 12 za mkondo wa moja kwa moja (DC), lakini kwanza hakikisha ndizo injini yako inazotaka.

Nitie mafuta ya kupikia? – Kangemi

Hapana, yanaganda kama gundi. Mafuta mepesi yasiyoharibu plastiki, tone la ncha ya sindano kwenye ekseli. Kisha iendeshe bila mabehewa, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, mwendo wa wastani. Nyingi hulainika hapo.

Nikiwekea mabehewa manane, magurudumu yanazunguka lakini treni haipandi. – Lang'ata

Pima mlima wako. Ukipanda zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita, umeitesa. Kagua pia kama hukumwaga mafuta kwenye reli. Na usione haya: nenda Jumba la Makumbusho ya Reli hapa Nairobi ukaione 5918, Mount Gelai, moja ya injini 34 za mvuke za aina ya Garratt zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956. Ina tani zaidi ya 250. Magarimoshi makubwa yalimwagiwa mchanga mbele ya magurudumu yasiteleze. Wewe usijaribu mchanga, utaua gia. Punguza mabehewa matatu, ujaribu tena.