Maswali ya Wasomaji: Mkaguzi wa Rangi za Kinga Anahitaji Cheti Kipi?

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi ni fundi wa kupiga mchanga na kupaka rangi matangi ya mafuta hapa Tanga, na kazi hii nimeifanya kwa miaka minane. Kila unapokuja mradi mkubwa huletwa mkaguzi kutoka nje, nami nikimtazama naona kazi yake ninaiweza. Sasa wakala mmoja amenipa majina ya kozi tatu zenye vyeti tofauti, zote za gharama kubwa, na kila moja anasema ndiyo inayotambulika dunia nzima. Nianze na ipi? (Fundi, Tanga)

JIBU: Ndugu fundi, kabla hujamlipa wakala huyo hata shilingi moja, tafuta nakala ya maelezo ya kiufundi ya mradi wa aina unayotaka kuifanyia kazi, kisha usome kipengele kinachotaja sifa za mkaguzi. Mwenye mali ndiye anayeamua cheti atakachokikubali, na uamuzi wake ameuandika humo. Mkataba mmoja hutaja cheti cha Marekani, mwingine cha Norwei, na mwingine hutaja vyote viwili na kuongeza neno “au kinacholingana nacho”, neno ambalo tafsiri yake hubaki mikononi mwa mshauri wa mradi. Anayenunua kozi kwanza na kutafuta kazi baadaye hujikuta mara nyingi ana karatasi halali ambayo mradi wa jirani hauitaki.

Majina utakayoyakuta zaidi ni mawili. La kwanza ni AMPP, chama cha Marekani cha wataalamu wa kutu na rangi za kinga, kilichozaliwa mwaka 2021 kwa kuunganishwa kwa NACE, kilichoanza mwaka 1943, na SSPC, kilichoanza mwaka 1950. Mpango wa NACE wa kufundisha wakaguzi ulianza mwaka 1983 na ndio unaoendelea chini ya jina jipya. Hivyo usishtuke ukiona mkataba wa zamani unadai “NACE Level 2” ilhali kozi unayouziwa ina nembo ya AMPP, kwani ukoo ni ule ule. Mpango huo una ngazi tatu zinazopandwa moja baada ya nyingine, kila moja na masharti yake, na kwa miaka mingi ngazi ya juu ilipatikana kwa mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo la wakaguzi wazoefu. La pili ni FROSIO, taasisi ya Norwei ya kuthibitisha wakaguzi wa rangi, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambayo hufuata kiwango cha taifa hilo kiitwacho NS 476. Waingereza nao wana Institute of Corrosion yenye ngazi zake, na utakiona cheti chao katika miradi iliyosimamiwa na kampuni za huko.

Kwa mtu wa hali yako, mimi ningeitazama FROSIO kwanza, endapo mikataba unayoilenga inaikubali, na sababu yangu si ubora wa masomo. Katika utaratibu wao watahiniwa wote hufanya mtihani ule ule, kisha rangi ya cheti huamuliwa na uzoefu. Asiye na uzoefu hupewa cheupe (ngazi ya kwanza), mwenye miaka miwili ya kazi inayothibitika hupewa cha kijani (ngazi ya pili), na mwenye miaka mitano, ambayo angalau miwili kati yake ni ya ukaguzi, hupewa chekundu (ngazi ya tatu). Miaka yako minane ya kushika bomba la mchanga na bunduki ya rangi haitapotea, mradi uwe na barua. Hapo ndipo mafundi wetu wengi hukwama: kazi wameifanya, lakini kampuni ndogo zilizowaajiri zimefungwa au hazikuwahi kuandika chochote. Anza leo kuzunguka kwa waajiri wako wa zamani ukiomba barua zenye tarehe, jina la tangi au daraja, aina ya kazi uliyoifanya, na saini ya mtu anayeweza kupigiwa simu.

Vyeti hivi vimekuwa na nguvu nchi za mbali hata vikafika kwetu kwa sababu ambayo kwa kiasi kikubwa ilitoka baharini. Mwezi Desemba 1999 meli ya mafuta Erika ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Ufaransa, na kutu iliyokuwa imekula matangi yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika uchunguzi. Desemba 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha kiwango cha rangi za kinga kwa matangi ya maji ya bahari yanayosawazisha meli, likalenga rangi hiyo idumu katika hali nzuri kwa miaka 15. Kiwango hicho kinataka chuma kisafishwe kwa mchanga hadi daraja la Sa 2½ (yaani karibu kiwe safi kabisa), chumvi iliyobaki juu yake isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba, na unene wa rangi ya epoksi iliyokauka uwe mikroni 320 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambapo vipimo tisa kati ya kila kumi vifikie unene huo na vilivyobaki visishuke chini ya mikroni 288. Kisha kikasema wazi kwamba mkaguzi awe na NACE ngazi ya pili, FROSIO ngazi ya tatu, au sifa inayolingana nazo. Sentensi hiyo moja iliwapeleka watu wengi darasani, na waandishi wa mikataba ya matangi na mabomba ya nchi kavu nao wakaizoea.

Ulivyosema kazi ya mkaguzi unaiweza, nakubaliana nawe kwa nusu. Jicho la kutambua chuma kilichopigwa mchanga vizuri unalo, pengine kuliko mhandisi aliyetoka chuoni moja kwa moja. Utakachokuta kigeni ni nidhamu ya kupima na kuandika. Fundi hugusa chuma na kusema kimekauka, ilhali mkaguzi hupima joto la chuma, joto la hewa na unyevu, akatafuta nyuzijoto ya umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji juu ya chuma), akaandika saa na mahali. Fundi huona vumbi limepanguswa. Mkaguzi hubandika utepe wa gundi, akaubandua na kuulinganisha na picha za kiwango. Chumvi, ambayo kwetu pwani ndiyo adui asiyeonekana, hupimwa kwa kiraka kidogo cha Bresle kinachobandikwa juu ya chuma, maji safi yakaingizwa kwa sindano, yakavutwa tena na kupimwa uwezo wake wa kupitisha umeme. Chuma kinaweza kung’aa machoni na bado kikawa na chumvi ya kutosha kuvuta maji kupitia rangi na kuotesha malengelenge. Uzito wa mkaguzi umo katika mambo yanayofunikwa, kwa kuwa praima, yaani rangi ya kwanza, ikishapakwa hakuna awezaye kuyaona tena isipokuwa kwa kusoma daftari lake. Ripoti hizo pamoja na mitihani, katika miradi mingi, huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha kuzungumza tu, miezi michache ya kukinoa kwa maandishi itakufaa kuliko kukimbilia kozi.

Kuhusu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, jirani yako kabisa, fahamu kwamba rangi ya matangi na ganda la kinga la bomba linalofukiwa ni taaluma mbili zilizo karibu lakini si moja. Mabomba hayo huvishwa tabaka la kuhifadhi joto katika kiwanda cha Sojo, mkoani Tabora, na maungio ndiyo hufunikwa huko huko porini baada ya kuchomelewa. Anayetaka kukagua maungio hayo ajifunze hasa kifaa cha umeme kinachotafuta vitundu visivyoonekana, na asome mkataba, maana huweza kudai mafunzo ya mtengenezaji wa ganda lenyewe zaidi ya cheti cha jumla.

Jambo la mwisho kwako. Cheti cha kuhudhuria kozi si sawa na cheti cha mkaguzi. Mwulize wakala kama bei yake inajumuisha mitihani ya nadharia na ya vitendo, na kama jina lako litaingia katika rejista ya taasisi yenyewe. AMPP na FROSIO zote zina rejista ambayo mwajiri anaweza kuitazama, na akikosa jina lako humo, karatasi yenye muhuri wa dhahabu haitakusaidia.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, na mjomba wake aliye bandarini anasema ukaguzi wa rangi unalipa vizuri. Hesabu alipata alama ya D. Je, anaweza? (Mama, Mombasa)

JIBU: Marahaba mama. Ngazi ya kwanza ya AMPP na cheti cheupe cha FROSIO haviombi uzoefu, kwa hiyo mlango haujafungwa, lakini sitakushauri uuze kitu ili umlipie sasa. Mwenye cheti cha mwanzo asiyewahi kukanyaga karakana huwa hana kazi ya kukipeleka. Mwache kwanza aingie karakana ya kupaka rangi au ya uchomeleaji, afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, na baada ya mwaka mmoja au miwili ndipo mzungumzie kozi.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Mfano wa kila siku ni huu: rangi ambayo asilimia 80 ya ujazo wake hubaki baada ya kukauka, ikipakwa mikroni 200 ikiwa mbichi, itabaki mikroni 160. Fundi akiongeza thina asilimia 10, ile 80 inagawanywa kwa 110 badala ya 100, na mikroni 200 zile zile zitaacha takriban 145. Mpe binti hesabu hiyo mezani bila kumsaidia. Akiipenda, alama ya D isiwasumbue.

SWALI: Mhandisi, mimi ni Mzanzibari ninayefanya kazi Sohar, Oman, nina ngazi ya kwanza ya AMPP, na anayenilipa ni mkandarasi wa rangi mwenyewe. Kwa ajili ya joto tunapaka usiku. Mara kadhaa nimeona chuma kiko karibu mno na umande, lakini msimamizi huniambia nisaini tu. Cheti changu nacho kinaelekea kuisha. Nifanyeje? (Mkaguzi, Sohar)

JIBU: Ndugu mkaguzi, kanuni iliyoandikwa katika mikataba mingi ni kwamba joto la chuma lizidi nyuzijoto ya umande kwa angalau nyuzi 3. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 85, umande uko kwenye nyuzi 27 na kidogo, hivyo chuma kinatakiwa kiwe zaidi ya nyuzi 30, jambo ambalo bati la tangi lililopoa usiku haliwezi kulitimiza. Msimamizi wako anashindana na hali ya hewa.

Kumbuka hata hivyo kwamba mkaguzi hana mamlaka ya kusimamisha kazi isipokuwa mkataba umempa. Mamlaka uliyonayo bila shaka ni juu ya saini yako. Andika vipimo kama ulivyovipata, pamoja na saa na sehemu ya tangi, jaza ripoti ya kasoro, mpe msimamizi nakala, na ubaki na yako. Mwenye ngazi ya kwanza kwa kawaida hufanya kazi chini ya uangalizi wa mkaguzi wa ngazi ya juu, basi mpelekee yeye ripoti hiyo, na kama mradi hauna mtu huyo, kosa hilo la mkandarasi nalo liandike. Ukisaini ulichokijua si kweli, rangi itakapobanduka jina litakaloonekana kwenye karatasi ni lako.

Cheti cha AMPP huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, na cha FROSIO kila baada ya mitano, kwa kuonyesha kwamba umeendelea kufanya kazi hiyo. Usisubiri mwezi wa mwisho. Mwombe anayekusimamia akusainie saa zako za kazi kabla mradi haujafungwa, kwa kuwa ukishafungwa huenda yeye akawa ameshahamia nchi nyingine.