Panya kwenye banda la kuku: wamalize bila kumuua paka wako

Msimu wa korosho ukikaribia, wafugaji wenzangu wa huku Mtwara huniuliza swali lile lile: panya wamejaa bandani, vifaranga wanapotea usiku, niweke sumu gani? Jibu langu ni usiweke yoyote. Simhurumii panya hata kidogo. Lakini nafuga kuku wa kienyeji wanaozurura mchana kutwa, nina paka, nina mbwa, na uani kuna watoto wanaocheza mpaka magharibi. Kwenye uwanja wa namna hiyo sumu haichagui wa kumpata.

Panya hafuati kuku, anafuata pumba. Panya mkubwa wa nyumbani hula gramu 20 hadi 30 kwa usiku mmoja, na kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku. Maana yake panya watano wanakula chakula cha kuku mmoja ambaye hatakupa hata yai, na hapo hujahesabu wanachokimwaga na kukikojolea. Wakiwa kumi watakutafunia zaidi ya kilo sita kwa mwezi. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu tu, huzaa watoto sita, wanane, hata zaidi, na watoto hao nao wanaanza kuzaa wakiwa na miezi kama mitatu. Ukiwaua wachache na kukiacha chakula pale pale, nafasi zao zinajazwa upesi sana.

Kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote ni ya jioni. Kuku wakishapanda kulala, toa vyombo vya chakula bandani. Kuvifunika hakutoshi, vitoe. Zoa na punje zilizomwagika chini. Mchana wape kiasi wanachoweza kumaliza kabla jua halijazama; utaona baada ya siku chache ni kiasi gani. Chakula cha akiba kikae kwenye pipa la chuma lenye mfuniko unaobana. Ndoo ya plastiki panya anaitoboa, kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua na lazima atafune kitu ili yasizidi. Gunia la pumba lililoegemezwa ukutani ndilo linalowalea panya wengi wa mitaa yetu.

Na sisi watu wa kusini tuna mambo yetu ambayo ushauri wa mikoa mingine hauyataji. Makopa tunayaweka darini. Choroko, mbaazi na karanga ziko kwenye viroba chumbani. Korosho zimewekwa kando zikisubiri kupelekwa ghala la chama cha msingi. Kama stoo hiyo imepakana na banda, panya ana mlo pande zote mbili za ukuta, na kusafisha banda peke yake hakutakusaidia. Kuanzia Oktoba hadi Disemba mabibo nayo yanaanguka na kuoza chini ya mikorosho, na panya wanayapenda mno. Yaliyo karibu na banda yazoe kila siku ukayafukie mbali.

Mayai yaokotwe mchana na jioni, yasilale bandani. Vifaranga wachanga usiwalaze kwenye tenga la fito ukaona umewalinda, maana panya anapenya au anatafuna. Walaze na mama yao kwenye sanduku lililozungushiwa waya mgumu pande zote, hata chini, mpaka watakapoweza kupanda naye juu.

Tukiwa kwenye habari ya waya: ule mwembamba wa matundu ya pembe sita tunaouita waya wa kuku unamzuia kuku asitoke. Panya mchanga anapita katikati yake bila shida. Unaotakiwa ni ule mgumu wa matundu ya mraba yasiyozidi nusu inchi. Ni wa gharama, najua. Kama mfuko hauruhusu banda zima, zungushia futi mbili za chini pamoja na madirisha. Kisha ushushe waya futi moja ndani ya ardhi, au ukunje ulale kuelekea nje chini ya udongo, ili panya anayechimba akutane nao. Ukuta wa fito na udongo upige lipu ya saruji sehemu ya chini. Anayejenga upya ajenge banda la kuinua, juu ya nguzo zenye kimo cha futi tatu au zaidi, na kila nguzo aivishe bati lililokunjwa mfano wa faneli iliyogeuzwa. Ngazi ya kuku iondolewe usiku, la sivyo bati hizo hazina kazi. Matawi ya mkorosho yanayogusa paa yakatwe, hasa kama paa ni la makuti, kwa kuwa ndani ya makuti panya huzalia.

Pembeni ya banda fyeka walau mita mbili pawe peupe. Ondoa vifuu, makumbi, kuni na matofali yaliyorundikwa. Panya hapendi kukatiza mahali pa wazi. Faida nyingine ni kwamba nyoka huwafuata panya, na huku kwetu kuna swila na koboko. Sitaki mtu aingize mkono kwenye lundo la kuni gizani.

Sasa mitego, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu wengi hutega usiku mmoja, hawapati kitu, wanakimbilia sumu. Kwanza jua njia yake. Jioni nyunyiza majivu kando ya ukuta, na asubuhi chuchumaa uangalie: utaona vidole vidogo na katikati mstari mwembamba wa mkia ulioburutwa. Angalia pia ukutani karibu na sakafu. Anapopita kila siku huacha alama nyeusi yenye mafuta kutokana na manyoya yake, kwa sababu hutembea akiupapasa ukuta kwa sharubu. Mjomba wangu wa Newala, ambaye ametega panya wa shambani tangu utoto wake, aliuona mtego wangu katikati ya banda akaniambia, "Mjomba, hapa panya afuate nini? Weka ukutani, mdomo wa mtego uelekee ukuta." Nimefanya hivyo tangu siku ile.

Panya anaogopa kitu kigeni. Weka mtego wa chuma wenye chambo bila kuutega kwa siku kadhaa, ale azoee, halafu tega mitego yote usiku mmoja. Nyumba yenye paka usitumie dagaa, utamwita paka mwenyewe. Mimi hutumia kipande cha mbata nilichokichoma kidogo kwenye makaa mpaka mafuta yatoke, nakifunga kwa uzi kwenye kulabu ili panya alazimike kukivuta. Korosho iliyobanguliwa na karanga iliyosagwa navyo vinafaa.

Mtego usiachwe wazi hata siku moja. Tengeneza sanduku la mbao refu kama futi mbili, lenye mlango wa upana wa sentimita sita kila mwisho. Ndani yake gongomea vipande vya ubao ili njia ipinde kabla ya kufika mtegoni. Panya anaingia na kupinda bila taabu, lakini mkono wa paka haufiki, mdomo wa mbwa haufiki, kuku hawezi kudonoa. Juu weka jiwe zito, mbwa asiligeuze. Fundi seremala yeyote atakutengenezea kwa mbao za mabaki.

Gundi ya panya siipendekezi kabisa. Inanasa vifaranga, mijusi na paka wachanga, na panya mwenyewe anateseka usiku kucha. Mtego wa ndoo ya maji unafaa stoo iliyofungwa mlango, si uani, kifaranga atatumbukia. Pilipili na majivu ya kuwafukuzia havidumu, na unga uliochanganywa na saruji kuku wako ndio watakaoula kwanza.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa nailoni, mfukie chini kabisa, osha mikono kwa sabuni. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda. Julai 2022 ugonjwa huo ulitokea wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, na watu watatu wakafariki, kwa hiyo si habari ya mbali kwa wakazi wa huku. Ukifagia banda lenye mavi ya panya, lowesha kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, vumbi lisipande.

Nirudi kwenye sumu, maana najua wapo ambao bado wanaiwaza. Ziko za aina mbili zinazotumika sana. Moja ni fosfidi ya zinki, unga mweusi au wa kijivu, ambao ukifika tumboni unageuka kuwa gesi na kuua kwa saa chache. Hiyo haina dawa ya kuipinga. Nyingine ni zile zinazozuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi siku hiyo; anazunguka siku kadhaa akiwa mzito, anakuwa windo rahisi kwa paka na bundi, na sumu iko ndani ya ini lake. Kuku nao hudonoa na kumeza panya wadogo, anayefuga anajua. Nimemwona paka wa jirani akiondoka kwa njia hiyo: ufizi umepauka, damu inachuruzika puani, hawezi kusimama. Sumu yenyewe ilinunuliwa kwa muuzaji wa kipaza sauti, ndani ya karatasi isiyo na jina lolote, kwa hiyo hata daktari wa mifugo hakuwa na pa kuanzia. Dawa halali huwa na lebo na namba ya usajili kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kisichokuwa na lebo usikiingize ndani ya uzio wako.

Lipo jambo jingine ambalo ni letu zaidi. Masasi, Newala, Nanyumbu, panya wa shambani ni kitoweo, na watoto huwatega pembezoni mwa mashamba na nyumba. Panya aliyekula sumu bandani kwako anaweza kufia shambani kwa mwenzako, au kunaswa akiwa bado hai. Hilo peke yake lingetosha kunizuia.

Paka mfuge, na umlishe. Paka aliyeshiba bado anawinda, na mwenye njaa ndiye anayegeukia vifaranga. Usitegemee atamaliza panya wakubwa, wengi huwaogopa; kazi yake hasa ni wale wadogo, na hao ndio wakubwa wa kesho. Zungumza na majirani pia. Kama wa upande wa pili anaweka sumu, mwonyeshe sanduku lako na umwazime ajaribu.

Ikitokea paka au mbwa amekula sumu, au amekula panya unayemshuku, usisubiri aonyeshe dalili. Za kuzuia damu kuganda huchukua siku tatu mpaka tano kabla hujaona kitu, na wakati huo ndipo vitamini K1 kutoka kwa daktari inapomwokoa. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Chukua pakiti, au hata masalia ya chambo kwenye mfuko, uende navyo. Ukiwa kijijini na daktari yuko mbali, mpigie afisa mifugo wa kata akuelekeze ukiwa tayari njiani. Kama ni mtoto aliyeshika au kula sumu hiyo, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, na pakiti mkononi.